Nani Anaogopa Maneno Mezani?

Kuna usemi umezuka kwenye meza za karata za kichawi, nami nimechoka nao. "Cheza karata zako bwana, acha siasa!" Mtu ametandaza mazimwi yake matatu mezani, mkononi ana karata saba, wenzake wawili wananong'ona kidogo tu jinsi ya kumzuia, basi anapandisha mabega na kutoa sauti ya mtu aliyeibiwa: siasa hizo, siasa hizo, mnaharibu mchezo. Na ajabu ni kwamba watu wanamsikiliza! Wanaona haya. Wananyamaza na kuziangalia karata zao kama wanafunzi waliokemewa na mwalimu wa zamu, na mizunguko miwili baadaye wote watatu wamekwisha kufa.

Mimi nasema siasa ndiyo mchezo wenyewe. Na anayetaka tunyamaze, mchungulie vizuri, mara nyingi ndiye anayenufaika na ukimya wetu.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu nitaeleza kwa ufupi, na wanaoujua wanivumilie. Unaitwa Magic: The Gathering. Ulitolewa Marekani mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, na aliyeubuni ni Richard Garfield, mtu wa hesabu kwa kusomea. Kila mchezaji ni mchawi. Ana karata za ardhi zinazompa nguvu, nguvu hiyo wenyewe wanaiita mana, na kwa mana hiyo analipia viumbe, radi, laana na mazagazaga mengine ya kichawi. Karata zinauzwa katika pakiti zilizofungwa. Hujui umenunua nini mpaka uchane. Kisha kila mtu anajipangia jozi yake mwenyewe, yaani karata zote atakazokuja nazo mezani. Hapo ndipo ulipo utamu, kwa sababu hakuna jozi mbili zinazofanana, kama vile hakuna waandishi wawili wanaoandika barua moja kwa maneno yaleyale.

Mchezo wa awali ni wa watu wawili. Kila mmoja ana jozi ya karata zisizopungua 60 na uhai wa pointi 20. Anayemmaliza mwenzake kashinda, basi, mnapeana mikono. Lakini miaka ya 1990 huko Alaska, Adam Staley na washikaji wake walianza kucheza mtindo mwingine, na waamuzi wa mashindano, akiwemo marehemu Sheldon Menery aliyefariki mwaka 2023, wakausambaza mpaka ukaenea dunia nzima. Leo unaitwa Commander. Jozi ni ya karata 100 kamili. Ukiacha ardhi za kawaida, hakuna karata inayoruhusiwa kujirudia. Mmoja wa viumbe wako ni kamanda, na jozi yote inamzunguka yeye. Uhai ni 40. Na mnakaa wanne, kila mtu kivyake. Kampuni iliukubali mwaka 2011 ilipoanza kuuza jozi zilizokwisha kupangwa kwa ajili ya mtindo huo.

Wanne, kila mtu kivyake. Hilo neno dogo ndilo linalobadilisha kila kitu, na ndilo wanaolalamikia siasa hawataki kulifikiria.

Wenye hesabu walishaliona siku nyingi. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa juu ya nadharia ya michezo. Mkiwa wawili na faida yako ni hasara yangu, kila mmoja anatafuta njia yake bora na mambo yanaishia hapo. Mkiwa watatu, swali linakuwa jingine kabisa: nani ataungana na nani, na watagawanaje watakachopata? Mtu wa tatu haongezi ugumu kidogo tu, analeta aina nyingine ya mchezo. Sasa wewe umekaa meza ya wanne halafu unaniambia nisizungumze na jirani yangu? Si ungetafuta mtu mmoja mkakae kona ile kule?

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Lasti kadi tumeicheza wote, vibarazani na kwenye mabweni. Mtu akibakiwa na karata moja anatakiwa atangaze. Wenzetu wa Kenya husema "niko kadi". Kwa nini atangaze? Ili meza ijue! Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na ugomvi wake mdogo na jirani yake. Likitoka neno hilo ugomvi wote unasahaulika, na kila mwenye karata ya kumwokotesha mwenzake anaanza kuhesabu itamfikiaje yule bwana. Kanuni yenyewe imeweka siasa ndani ya mchezo. Hakuna mtu niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba eti lasti kadi imeharibiwa kwa sababu wenzake walimgeukia alipotangaza.

Sasa tuingie kwenye jozi zenyewe, maana kuna watu wanadhani jozi ni jambo moja na maneno ni jambo jingine. Huu ni uzushi. Jozi ya meza ya wanne inapangwa kwa ajili ya maneno, hata kama mwenyewe hajui.

Chukua Lightning Bolt, radi maarufu ya tangu 1993. Inagharimu mana moja na inampunguzia mtu uhai wa pointi 3. Wawili mkicheza, radi saba zinammaliza mtu mwenye 20. Mezani pa wanne una wapinzani watatu wenye 40 kila mmoja, jumla 120. Piga hesabu mwenyewe ujue unahitaji radi ngapi! Ubaya mwingine umejificha zaidi. Mkiwa wawili, karata yangu moja ikiua karata yako moja tumetoka sare. Mkiwa wanne, nikitumia karata yangu kuua kiumbe chako, mimi nimepungukiwa moja, wewe umepungukiwa moja, na wale wawili wanatuangalia huku wanatabasamu, hawajapungukiwa na kitu. Tumewafanyia kazi bure. Anayezoea kupigana mmoja kwa mmoja anafika mwisho wa mchezo akiwa mikono mitupu, halafu anasema ana bahati mbaya.

Ndiyo maana jozi za wanne zinajaa karata za namna nyingine. Kuna za kufagia meza nzima, kama Wrath of God, inayoua viumbe wote bila kujali ni wa nani. Kuna Propaganda ya mwaka 1997: kila kiumbe kinachotaka kukushambulia, mwenyewe alipe mana 2 kwanza. Tazama vizuri karata hii inafanya nini. Haimzuii mtu. Inamwambia, "Ukija kwangu utalipa, kwa jirani ni bure." Hayo si maneno? Hiyo ni hotuba, tena fupi na nzuri kuliko nyingi tunazozisikia majukwaani. Halafu iko Pernicious Deed ya mwaka 2001. Unaishusha mezani, inakaa pale inaonekana na kila mtu, na siku yoyote utakayoamua unalipa mana na kufyeka karibu kila kitu kilichoshushwa, ukiacha ardhi. Mwandishi mmoja Mmarekani, Anthony Alongi, ambaye aliandika sana juu ya michezo ya watu wengi, karata za aina hii aliziita nyoka mwenye njuga mkiani: anatingisha njuga upite mbali, kwa kuwa naye hataki kumaliza sumu yake bure. Mara nyingi Deed inakulinda zaidi ikiwa haijatumika. Ukiitumia imekwisha.

Howling Mine nayo, ya tangu 1993, inampa kila mtu karata moja zaidi kwa zamu. Kila mtu, hata adui! Mkiwa wawili unaweza kujiuliza mtu anaiwekea nini. Mkiwa wanne jibu liko wazi: anayewalisha watu hapigwi kwanza. Atapigwa, ndiyo, lakini si kwanza. Ni siasa ya pilau, na wote tunaijua inavyofanya kazi.

Kwa hiyo unaponiambia "cheza karata, acha siasa", nakuuliza nitoe karata zipi kwenye jozi yangu, nibakishe zipi?

Hata kampuni imetengeneza karata za kupigia kura, yaani kura kabisa. Mwaka 2014 lilitoka toleo la Conspiracy lenye karata kama Council's Judgment, ambapo kila mchezaji anataja kitu kimoja, na kilichopata kura nyingi kinaondoshwa mchezoni. Mwaka 2016 ukaletwa ufalme: aliye mfalme anaokota karata ya ziada kila mwisho wa zamu yake, ila yeyote ambaye kiumbe chake kitamdhuru vitani ananyakua taji. Garfield mwenyewe alishafika huko zamani zaidi. Mwaka 1994 alitoa mchezo mwingine wa karata, wa wanyonya damu, mwaka uliofuata ukabatizwa jina la Vampire: The Eternal Struggle. Huo ulibuniwa tangu mwanzo kwa watu wanne, watano. Aliyeketi kushoto kwako ni windo lako, aliyeketi kulia kwako anakuwinda wewe. Ukimtoa windo lako unapata pointi moja ya ushindi na nguvu ya kuendelea. Angalia inavyozaa fitina: anayewinda windo lako ni wewe tu, kwa hiyo huyo windo anapenda sana kumwona mwindaji wako akikukaba. Na ndani yake mna kura za mezani, ambapo wanyonya damu wenye vyeo wana kura nyingi kuliko wasio na vyeo. Mtu wa hesabu alipotaka kushughulikia siasa, hakuifukuza. Aliipa viti na utaratibu. Nadhani alikuwa anajua anachofanya kuliko hawa ndugu zetu wanaopandisha mabega.

Sasa nije kwenye karata inayonikera kuliko zote, na ambayo ningependa kila kijana wa nchi hii aijue hata kama hatacheza mchezo huu maishani. Inaitwa Rhystic Study. Ilitoka mwaka 2000, tena ikiwa karata ya daraja la chini kabisa, lile la karata zinazopatikana kwa wingi kwenye pakiti. Inasema hivi: kila mpinzani anapofanya uchawi wowote, mwenye karata anaweza kuokota karata moja, isipokuwa mpinzani huyo akubali kulipa mana moja ya ziada. Mana moja tu! Watu wawili wakicheza si ya kutisha. Mwenzako anachelewa kidogo, analipa, safari inaendelea. Lakini mezani pa wanne imekuwa jini, na leo karata hii ya daraja la chini inauzwa kwa makumi ya dola.

Thamani hiyo imetoka wapi? Maandishi yake hayajabadilika tangu 2000. Thamani yake imetokana na kutosikilizana kwetu. Mimi nikilipa ile mana moja, nimechelewa mimi peke yangu. Nisipolipa, hasara ya ile karata anayookota tunagawana watatu. Basi kila mmoja anasema moyoni, "Zamu hii nina haraka, watalipa wenzangu." Wenzake nao wana haraka. Mzunguko ukiisha yule bwana kaokota karata tano, anaulizia kwa upole, "Unalipa?", kwa sauti ileile ya kondakta anayegongesha sarafu, nasi tunatikisa vichwa. Umeshawahi kukaa mtaa ambao kila nyumba inatakiwa kuchangia mshahara wa mlinzi wa usiku? Basi unaijua Rhystic Study. Nyumba ya kwanza inasubiri ya pili, ya pili inasubiri ya tatu, mlinzi anaondoka, na wezi wanaingia nyumba ya nne.

Na dawa yake ni ipi? Hakuna ila maneno. Mtu lazima afungue mdomo aseme, "Jamani, sisi watatu tunalipa, kila mara, mpaka tumpate mwenye karata ya kuiondoa hii." Usipoyasema hayo hakuna jozi itakayokuokoa, hata uwe na karata za dhahabu. Lakini ndipo hapo hasa mwenye Rhystic Study atakapokuambia uache siasa. Umeona sasa?

Nimetaja dola, basi nizungumzie pesa, ingawa najua magazeti ya fasihi hayapendi pesa. Katika mchezo huu pesa inanunua nguvu. Mtu anaweza kuja na jozi ya dola thelathini, mwingine akaja na jozi ambayo ungeiuza ukanunua pikipiki, na wote wakaketi meza moja. Yule wa pili anatoa mana nyingi zamu ya kwanza wakati wewe unashusha ardhi yako moja na kusema "nimemaliza". Ndiyo maana Septemba 2024 kamati iliyokuwa ikisimamia mtindo wa Commander, kamati ya wachezaji wenyewe, isiyo ya kampuni, ilipiga marufuku karata nne, na tatu kati yake, Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, zilikuwa za kumtajirisha mtu mana mapema na zikiuzwa kwa bei ya kutisha. Kilichotokea ni kasheshe. Watu waliotumbukiza fedha zao humo waliwatukana wanakamati, wakawatishia na usalama wao, na baada ya wiki moja tu, tarehe 30 Septemba, ikatangazwa kwamba usimamizi wote unahamia kwa kampuni. Vitisho kwa ajili ya makaratasi! Halafu eti mwenye siasa chafu ni mimi niliyemwambia jirani yangu, "Tumpige huyu kwanza."

Kampuni ilipochukua usukani, Februari 2025 ilileta madaraja matano ya jozi, kuanzia za kujifurahisha mpaka za ushindani mkali, pamoja na orodha ya karata zinazotikisa mchezo (Rhystic Study imo, na ilistahili). Lengo ni watu wasiojuana waambiane kabla ya kuanza, "Yangu ni daraja la tatu, yako je?" Sipingi. Kwa wageni waliokutana dukani ni kitu cha maana. Lakini imani iliyoota juu yake ndiyo naipinga, kwamba mkishalingana namba hakuna haja ya kuongea tena, kazi ya haki imemalizwa na karatasi. Jozi mbili za daraja moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na nchi, na mtu mjanja anajua kuipanga jozi yake ikae ukingoni kabisa mwa daraja. Anayesawazisha hapo ni meza.

Maana hesabu ya meza ni rahisi. Mwenye jozi ya bei mbaya anaokota karata moja kwa mzunguko. Sisi watatu tunaokota tatu. Yeye ana zamu moja, sisi tatu. Yeye ana uhai 40, sisi 120. Hana ubavu wa kutushinda sote isipokuwa tukigombana, na kwa bahati yake tunagombana sana. Kwa hiyo siasa ya mezani ndiyo silaha ya asiye na pesa. Ukiiondoa hiyo, kilichobaki ni kulinganisha risiti.

Meza yetu hapa Dar es Salaam ni ya watu wanne, siku nyingine watano. Karata halisi tulizonazo zilikuja kwenye begi la shemeji wa mmoja wetu. Zilizobaki ni vivuli: tunapiga chapa steshenari, tunakata kwa mkasi, tunachomeka mbele ya karata za kawaida za kopa na shupaza ili zipate ugumu. Kampuni ilishaeleza mwaka 2016 kwamba haina ugomvi na karata za majaribio ambazo mtu amejitengenezea mwenyewe bila kuzifanyia biashara, ila kwenye mashindano yake rasmi inataka karata halisi. Sawa. Sisi mashindano hayo tunayasikia tu. Lakini hebu fikiria: mezani petu karata ya dola mia na karata ya senti kumi zina bei moja, bei ya kivuli. Kila mtu anaweza kuwa na kila kitu. Je, siasa imepungua? Imezidi! Kwa sababu sasa hakuna anayeweza kusingizia umaskini wala kutegemea utajiri, kilichobaki ni nani anaona mapema, nani anashawishi, nani anaaminika.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: je, yule anayejua amekufa, halafu kwa hasira anaitupa karata yake ya mwisho ili kumtawaza huyu na kumnyima yule? Huko si kuharibu kazi ya saa mbili ya watu wengine? Ni hoja nzito na sitaikwepa. Jibu langu ni kwamba inategemea kama alisema. Ikiwa tangu mwanzo alitangaza, "Mimi ni dhaifu, lakini atakayenimaliza nitaondoka na kidole chake", basi akifanya hivyo ametimiza neno lake, na neno hilo ndilo lililomweka hai mpaka hapo. Mnyonge ana kinga gani nyingine? Ukimkataza kulipiza unampa mwenye nguvu ruhusa ya kumla kwanza, bila hasara. Lakini kama hakusema kitu, akanuna kimoyomoyo, kisha akalipuka mwishoni, hiyo si siasa, ni kinyongo. Aende nyumbani akanywe maji.

Nitaambiwa pia juu ya wale wanaokuja wawili wawili: wachumba, ndugu, wanaodaiana nauli. Huyu hampigi yule hata iweje. Hapo nakubaliana na wapinzani wangu kwa asilimia mia. Upendeleo uliofungwa nje ya meza ni rushwa. Kwenye mashindano rasmi ya mchezo huu, kumpa mtu kitu ili akuachie ushindi ni kosa la kufukuzwa, na hata sisi wa vibarazani tungefaa tuwe wakali hivyo. Lakini tazama tofauti: uchafu huo unastawi gizani. Siasa ninayoitetea mimi ni ya sauti, mbele ya wote wanne, hata yule anayepangiwa kupigwa aisikie na ajitetee. Ajitetee! Ndiyo raha yake. Nimewahi kumsikia mtu akijiombea maisha kwa dakika tano nzima, kwa hoja, kwa takwimu za mezani, kwa machozi ya uongo, mpaka tukambakiza, na mazungumzo hayo yalikuwa na uhai kuliko mazungumzo ya wahusika katika riwaya nyingi za vijana, ya kwangu inayolala chini ya godoro ikiwemo.

Bado kuna suala la ahadi, na hapa nataka kuwa mkali kwa upande wangu mwenyewe, kwa wapenda siasa. Kuna mchezo wa ubao uitwao Diplomacy, ulitolewa na Allan Calhamer mwaka 1959. Hauna dadu. Madola saba ya Ulaya ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza yanapatana na kusalitiana, na hakuna ahadi inayomfunga mtu. Wapo washikaji waliobeba tabia hiyo wakaileta kwenye karata, na wanajiona wajanja. Anakuambia, "Sikushambulii." Unamwamini, unaacha mlango wazi, unampiga mwingine. Zamu yake inafika, hakushambulii kweli, anaua viumbe wako wote kwa uchawi kisha anacheka: "Nilisema sikushambulii, sikusema sikugusi." Huo ni uwakili wa kichochoroni. Mezani petu tumeshazoea kuahidiana kwa maneno kamili: viumbe wangu hawatakushambulia, wala sitaua chako chochote, mpaka zamu yako ijayo ianze. Mwanzo na mwisho vinajulikana. Akikubali amekubali. Akivunja hakuna faini, kanuni za mchezo hazimgusi, lakini Jumamosi ijayo atakaa nasi tena, na Jumamosi nyingine, na hakuna mtu atakayemuuzia hata dakika moja ya amani. Tuliye naye wa aina hiyo hajashinda mchezo siku nyingi, na jozi yake ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zetu zote.

Kwa hiyo wiki hii, mtu akishusha Rhystic Study, sisi watatu tutalipa. Tutachelewa, tutalalamika, tutashindwa kumwita kiumbe tuliyemtamani zamu ile, lakini tutalipa, na tutasema kwa sauti kwamba tunalipa, ili anayefuata asipate kisingizio. Na mwenye karata akitusihi tuache siasa tucheze karata, tutamwomba kwanza atuhesabie alizonazo mkononi.